Sema Imani Yako Bila Kuikashifu ya Jirani

Kubali jambo moja kwanza, mengine yatakuwa mepesi. Ukiwa na imani yoyote, utamkwaza mtu. Muislamu akisema Mungu hana mwana, Mkristo aliyekaa karibu ataumia. Mkristo akisema hakuna wokovu nje ya Yesu, Muislamu atakunja uso. Msabato akikataa kuja kwenye kikao cha Jumamosi, mwenyekiti atanuna. Hapo hakuna aliyemtukana mwenzake. Kila mmoja kasema, au katenda, kile anachokiamini.

Kutukana ni shughuli nyingine. Kunataka uamuzi wako. Unachagua neno la kudhalilisha, unamchagua wa kumrushia, na mara nyingi unachagua na watazamaji. Kwa hiyo usijisumbue kutafuta njia ya kuishi bila kumkwaza hata mtu mmoja. Utaishia kuwa bubu au mnafiki. Jisumbue na tusi. Hilo liko ndani ya uwezo wako, na unaweza kuliacha leo hii.

Mahakama zetu za Tanzania zilishalipima jambo hili. Mwaka 2000, kwenye mhadhara mjini Morogoro, mhubiri wa Kiislamu alisema Yesu si Mwana wa Mungu. Akashtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomkataza mtu kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenzake. Mahakama ya Wilaya ikamfunga miezi 18, ingawa ukomo wa adhabu ya kifungu hicho ni mwaka mmoja. Mahakama Kuu ikamwachia, lakini hatia ikabaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta na hatia yenyewe. Kauli ile ni sehemu ya imani ya Uislamu, na kuumia kwa msikilizaji peke yake hakutoshi. Lazima ithibitike kwamba msemaji alikusudia kumuumiza. Wanasheria huiita kesi ya Dibagula, kwa jina la mhubiri huyo. Ukiikumbuka hiyo, unayo nusu ya unachokihitaji.

Nusu iliyobaki ni ya nyumbani, kazini na mtaani. Sheria inakuepusha na gereza tu. Haikusaidii kubaki na jirani.

Kabla hujafungua mdomo

Chukua sentensi unayotaka kuisema. Ondoa neno la dharau. Tazama kilichobaki. "Mimi siamini kwamba mkate wa ibada unageuka mwili wa Yesu." Hapo huna cha kuondoa, sentensi inasimama. "Eti mkate unageuka mwili, watu wazima hawana akili?" Ondoa "eti", ondoa akili, unabaki na ile ile ya kwanza. Basi sema ya kwanza. Dharau haikuongeza hoja, iliongeza maumivu.

Anza na "mimi" au "sisi". "Mimi naamini hivi." "Sisi tunafundishwa vile." "Kwetu hairuhusiwi." Ukianza na "ninyi", unamweleza mtu dini yake mwenyewe, na karibu kila mara utaieleza vibaya. Kama unataka kujua yake, muulize: "Kwenu hili mnalielewaje?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Jua unalenga nini. Fundisho unaweza kulijadili, hata kwa ukali wa hoja. Kitu kitakatifu usikifanyie mzaha: Msahafu, Biblia, hostia, rozari, tasbihi, kaburi, mti wa tambiko. Ukifika hatua ya kukiharibu au kukinajisi, umeshaingia kwenye kifungu cha 125 cha Kanuni ile ile ya Adhabu. Mtu naye muache na mwili wake, vazi lake na jina lake.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtume Muhammad, Yesu, Bikira Maria: kwa anayewaamini, hawa ni wapendwa kuliko mama yake mzazi. Wahesabu kwenye kundi la watu, usiwahesabu kwenye kundi la mafundisho. Unaweza kusema wazi kwamba wewe humfuati mmoja wao. Ukianza kuchekesha watu kwa mwili wake au ndoa yake, umemtukania mtu mzazi wake mbele yake.

Pima mahali. Darsani msikitini, waliopo wamekuja kwa hiari. Kanisani vilevile. Huko fundisha dini yako yote, pamoja na sehemu zinazopinga za wengine. Lakini ndani ya daladala, wodini, kwenye foleni ya benki, msibani au kwenye kikao cha wazazi wa shule, watu hawawezi kuinuka na kuondoka. Neno lile lile lina uzito mara mbili huko. Kama hujaulizwa, liache.

Ukiambiwa "jamani, hilo linaniuma", hesabu yako imebadilika. Mara ya kwanza hukujua. Ya pili unajua. Ukirudia kwa kusudi la kumwona anavyokunja uso, huwezi tena kusema ulimkwaza kwa bahati mbaya.

Majina tunayowaita wengine

Kanuni yangu ni fupi: usimwite mtu jina ambalo yeye mwenyewe hajiiti. Neno "kafiri" lina maana yake ya kielimu, na shehe anaweza kulieleza darsani. Ukimrushia jirani yako juu ya ua, ni tusi. "Mlokole" wengine hulipokea wakicheka, wengine huumia; muulize. "Gaidi" kwa mtu mwenye ndevu na kanzu ni tusi siku zote, hata ukilisema ukicheka.

Nina uchungu na jambo moja hapa. Tumejifunza kuwa waangalifu kati ya Waislamu na Wakristo kwa sababu pande zote mbili zina watu wengi. Wanaofuata dini za jadi tunawaita wapagani, washirikina, hata wachawi, mchana kweupe, na hakuna anayesimama kuwatetea. Mzee anayekwenda kutambika kwenye kaburi la babu yake anaumia kama unavyoumia wewe. Mhindu mwenye duka pale barabarani anasikia Kiswahili vizuri unaposema "waabudu ng'ombe". Na asiye na dini kabisa bado ni mtu mzima mwenye akili. Ukijifunza kuheshimu wachache, kuwaheshimu wengi hakutakushinda.

Kwa aliyebadili dini, chunga ulimi zaidi. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa mtu haki ya kubadili dini au imani yake. Ukimpokea kwenu, mpokee kwa furaha. Usimpandishe jukwaani atangaze kwamba ametoka gizani wakati mama yake aliye kwenye "giza" hilo anaishi mtaa wa pili. Ukimpoteza kutoka kwenu, lia nyumbani. Usimpakazie sababu za pesa au mwanamke kama huna ushahidi.

Utani una mipaka

Sisi ni watu wa utani. Mngoni na mtani wake watatoleana maneno mazito hadi msibani, na hakuna atakayenuna, kwa sababu mila imewapa ruhusa hiyo na kila upande unajua mipaka yake. Kati ya dini na dini ruhusa hiyo haipo. Hakuna babu aliyekaa na babu mwingine wakakubaliana kwamba Waislamu na Wakristo ni watani.

Kwa hiyo utani wa dini unategemea mtu na mtu. Mmekua pamoja, mmelala nyumba moja, naye hukutania vilevile: endeleeni. Ila usiubebe utani huo kuupeleka mbele ya watu wengine. Rafiki yako atacheka kwa sababu anakujua. Shemeji yake aliyekuja jana hakujui. Dada mgeni ofisini ambaye wewe ni bosi wake atacheka pia, lakini kicheko chake usikitegemee. Hana nafasi ya kukasirika mbele yako.

Mezani

Nchini kwetu chakula kimeumiza watu kuliko mahubiri mengi. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje, Muislamu au Mkristo, ulimalizika kwa mchungaji kuuawa. Jambo lililoanza kama karaha, la mtu kuuza anachokula na mwingine kukiona ni haramu, likapewa sura ya tusi, kisha likapewa silaha. Kwa hiyo hapa usiende kwa kukisia.

Kula nguruwe si kumtukana Muislamu. Kumla mbele yake kunaweza kumkwaza, na unaweza kuchagua meza nyingine. Kumlisha bila kumwambia ni tusi la wazi, hata kama hatajua kamwe. Usifanye hivyo kwa mzaha, na usimruhusu mtu afanye hivyo jikoni kwako. Kuchanganya vyombo na kukaa kimya nako kumo humo humo.

Kwenye shughuli ya watu mchanganyiko, panga mapema. Uliza mchinjaji ni nani na uwaambie wageni. Kama mbuzi amechinjwa na Muislamu, sema. Kama sivyo, sema pia, na uweke samaki na maharage ya kutosha. Mgeni Muislamu hatachukia kwamba una mboga mbili. Atachukia kugundua baada ya kula.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kama ipo, ipikiwe sehemu yake, kwa sufuria zake na mwiko wake, na anayeipakua asihamie kwenye sinia la pilau na mikono ile ile. Andika kikaratasi ukiweke mezani. Huo ni uungwana, na hauondoi haki ya mtu yeyote kula anachokitaka.

Upande wa pili nao usikie. Kukataa chakula si tusi, lakini namna ya kukataa inaweza kuwa. "Asante mama, nimefunga" inatosha. "Asante shangazi, mimi kwa dini yangu nyama hii siwezi, nipe wali na mchicha" inatosha. Usiguse sahani kwa ncha ya kidole, usiteme mate, usiseme "uchafu" juu ya chakula ambacho mwenye nyumba kakilipia na kakipika tangu alfajiri.

Mwezi wa Ramadhani, Bara, mtu kula chakula chake cha mchana ofisini hakumtukani aliyefunga. Wengi waliofunga watakwambia wenyewe: wewe kula. Lakini usimpungie kijiko puani ukimuuliza kama ana njaa. Usipange kikao chenye bufee saa saba mchana kama kinaweza kuwa saa tatu asubuhi. Ukiwa Unguja au Pemba, mambo ni mengine: migahawa mingi hufungwa mchana na kula hadharani kunaweza kukufikisha polisi. Kula ndani, kunywa maji ndani.

Kwaresima nayo ipo. Mkatoliki aliyefunga Jumatano ya Majivu ana njaa kama mwenzake wa Ramadhani, na ule msalaba wa majivu kwenye paji la uso wake si wa kuufuta kwa leso ukimwambia amechafuka.

Kwenye simu

Grupu la WhatsApp la ukoo ni sebule isiyo na mlango. Humo yumo shangazi aliyeokoka, mjomba ustadhi na binamu asiyeamini chochote. Upareni, Unyamwezini, Tanga, koo nyingi zina akina Yohana na akina Yahya wanaokula sinia moja. Usiwagawe kwa klipu ya dakika mbili.

Klipu ndiyo hatari kubwa. Mhubiri kaongea saa mbili, mtu kakata sekunde arobaini, kaweka maandishi mekundu. Kabla hujaituma mbele, jiulize mambo mawili: nani kaikata, na nataka anayeipokea ahisi nini? Kama jibu la pili ni hasira, ifute. Wewe uliyeisambaza umelirudia lile tusi kwa mdomo wako, hata kama uliandika chini yake "jamani tuache mambo haya".

Usijibu usiku. Usijibu kwa sauti iliyorekodiwa ukiwa na hasira. Sauti husikika vibaya kuliko ulivyokusudia, na inaweza kubaki kwenye simu za watu hata ukiifuta. Mwandikie mhusika pembeni: "Kaka, ile stika uliyoituma kuhusu wanaovaa hijabu imewaumiza akina dada humu. Naomba uifute." Wengi hufuta. Asipofuta, mwachie admini. Na wewe admini, kazi yako ni kufuta na kusema neno moja la kufunga mjadala, si kuendesha mdahalo wa dini gani ya kweli.

Kama mko kikundi cha kazi, salamu zenu ziwe za wote. "Bwana asifiwe" au "Asalaam aleikum" haimtukani mtu. Ukianza kila ujumbe wa kikazi kwa salamu ya dini yako, kuna wanaojiona wageni kwenye kazi yao wenyewe. "Habari za asubuhi" inawatosha wote. Kwenye sala ya kufungua kikao, ule utaratibu wetu wa zamani bado ni bora: kila mmoja aombe kwa imani yake, kimya, dakika moja.

Malalamiko ambayo si tusi

Usikubali kutishwa. Kuna mambo unayo haki ya kuyasema, na anayekuita mkashifu kwa sababu hiyo anakukwepa.

Spika ni mfano mzuri. Mkesha unaopiga hadi saa kumi usiku, au spika ya msikiti iliyoelekezwa dirishani kwa mgonjwa: lalamika. Ila zungumza sauti, saa na mwelekeo wa spika. "Mchungaji, mtoto wangu ana mtihani, tunaomba baada ya saa nne sauti ishuke." Humo hamna hata neno moja juu ya Mungu wao. Siku utakayosema "kelele zenu za mapepo", umeharibu lalamiko zuri na umempa mwenzako haki ya kukasirika.

Pesa nazo. Kuuliza mapato na matumizi ya michango ya ujenzi si kuitukana dini. Kumtaja kiongozi aliyekosa, kwa kosa lake na kwa ushahidi, si kuitukana dini. Taja tendo, taja tarehe, omba maelezo. Usiseme "mashehe wote" wala "wachungaji wote". Ukishasema wote, umewatia ndani na wasiohusika, nao watamkinga mkosaji ili kujikinga wenyewe.

Na kama mila ya kidini inamdhuru mtu, sema kwa nguvu. Mgonjwa anakatazwa dawa zake, binti anatolewa shule. Hapo kumkwaza kiongozi ni gharama ndogo. Msaidie aliye hatarini kwanza.

Ukishateleza

Kukwaza na kutukana kunadai radhi mbili tofauti. Ukizichanganya, utaharibu zaidi.

Kama umemkwaza kwa kusema unachoamini, usiikane imani yako ili mambo yaishe. Atajua unadanganya. Mwambie: "Najua nililosema lilikuuma. Sikulisema ili nikuumize. Ndivyo ninavyoamini, lakini pale msibani hapakuwa mahali pake. Nisamehe kwa hilo." Umeomba radhi ya mahali na wakati, na umebaki mkweli.

Kama umetukana, futa neno. Litaje, kisha lifute. "Niliwaita wajinga. Nimekosa. Nalifuta." Usiseme "samahani kama kuna aliyeumia", hiyo inamtupia mzigo aliyeumia. Usianze na maelezo ya kwa nini ulikasirika. Maelezo yatasubiri siku akiyauliza.

Radhi iende mahali tusi lilikokwenda. Ulitukana kwenye grupu, omba radhi kwenye grupu. Ulitukana mtaani mbele ya watu, usimfuate mtu chumbani kwake usiku. Ukiona uzito, nenda na mtu mzima anayeheshimiwa pande zote: mwenyekiti wa mtaa, shehe, padri, bibi wa ukoo. Fanya ndani ya siku moja au mbili. Wiki ikipita, neno lako litakuwa limeshasimuliwa kwa namna usiyoitambua.

Ukiumia wewe

Vuta pumzi, kisha uliza: "Ulikuwa unamaanisha nini?" Swali hili linafanya kazi kubwa. Aliyekukwaza kwa kutojua atashtuka na kujieleza. Aliyekusudia kukutukana atalazimika kulirudia mbele ya watu au kulimeza.

Halafu chagua neno sahihi. "Hilo limeniuma" ni tofauti na "umetukana dini yangu". Ukisema la kwanza, unafungua mazungumzo. La pili linaita watu. Na kashfa ni neno zito hapa kwetu. Februari 1998 malalamiko ya kashfa kwenye mihadhara yaliwafikisha polisi Mwembechai, Dar es Salaam, na watu waliuawa kwa risasi. Kama mwenzako amekataa tu kuamini unachoamini, usimwite mkashifu.

Kama kweli ni tusi, andika nini kilisemwa, lini, wapi, na nani alisikia. Piga picha ya ujumbe kabla haujafutwa. Usiisambaze. Mpelekee kiongozi wako wa dini mwenye busara na kiongozi wa upande wa pili kwa pamoja. Maeneo mengi yana kamati za amani za viongozi wa dini kwa kazi hii hii. Ikibidi, nenda polisi. Kifungu cha 129 kipo kwa ajili yako pia, na Kenya wana kifungu cha 138 kinachokaribiana nacho. Zanzibar ina sheria yake ya jinai. Ukienda na maandishi na mashahidi wawili, utasikilizwa. Ukienda na watu mia mbili, tayari wewe ndiye kesi.

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya kitakachompata mtu atakayeukosea heshima Msahafu. Mmoja akaukojolea. Watu wazima wangeweza kuwapeleka watoto kwa wazazi wao, kuuchukua Msahafu kwa heshima, kukaa na mashehe na wachungaji, na kumaliza. Viongozi wengi walijaribu. Lakini umati ulikusanyika kituo cha polisi ukimtaka mtoto, na makanisa yakavunjwa na kuchomwa moto. Waumini wa makanisa yale hawakuwa na habari na ubishi wa watoto. Mtaa unapochemka, kazi yako ni moja: rudisha watu wako nyumbani, ukianza na mdogo wako na mwanao.

Na watoto

Mtoto hajui mpaka uko wapi. Anasikia unachosema mkiwa sebuleni, anakipeleka shuleni kesho yake bila kukichuja. Kwa hiyo ongea sebuleni kana kwamba mama Asha au mama Neema ameketi hapo.

Mfundishe kwa vitendo. Kitabu cha dini ya mwenzake hakikanyagwi, hakiandikwi, hakigombaniwi. Rafiki akifunga, usile kitumbua mbele yake kwa kumringia. Rafiki akisali, subiri, usimcheke. Akikubishia dini yako, mwambie "nitamuuliza baba", na mje nyumbani tuongee. Na mkibishana, hakuna kuwekeana dau wala kujaribiana miujiza.

Akirudi akasema, "Mwalimu amesema akina Juma wote wataungua motoni," usicheke na usipige kelele. Mweleze dini yenu inafundisha nini, bila kuficha. Mwambie pia kwamba kumhukumu Juma si kazi yake, na kwamba Juma ataendelea kuja kucheza hapa Jumamosi. Kisha kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nenda ukamwone mwalimu. Muulize kwa upole alisema nini hasa. Huenda mtoto alisikia nusu. Kama alisema hivyo kweli mbele ya darasa lenye watoto wa dini zote, mwombe azungumze na akina Juma, na umwambie mwalimu mkuu kwamba umeomba hivyo.